Jinsi Nilivyofundishwa Kupandisha Sauti

Nilizaliwa Mwanda, katika nyumba ambayo hakuna aliyepaza sauti. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na mama alituita kwa namna ile ile, iwe chakula kimeiva au jirani amefariki. Nikakua na sauti yao: ya chini, ya moja kwa moja, isiyopanda wala kushuka. Shuleni mwalimu akinisimamisha nisome, darasa lilikuwa likipiga miayo, na mara nyingi aliniambia nikae kabla sijamaliza ukurasa. Haikuniuma sana. Nilidhani sauti ni kama kimo, kwamba mtu hupewa yake akaishi nayo.

Ilianza kuniuma nilipoajiriwa.

Shirika letu ni dogo na ofisi yake iko Voi, nyuma ya safu ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Tunajenga matangi na kulaza mabomba kwenye vijiji ambavyo watu huchota maji mbali. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda huko vijijini. Nilikaa na watu, nikasikiliza wanachotaka na wanachoogopa, kisha nikarudi kueleza kwenye kikao cha Jumatatu. Kule vijijini hakuna aliyewahi kulalamika juu ya sauti yangu. Nilikalia kigoda pamoja na kina mama, tukachambua mboga, nikasema nililokuwa nalo, wakanijibu. Shida ilikuwa Jumatatu.

Nikianza tu kuzungumza, simu zinatoka mifukoni. Mhasibu alikuwa akichora maua pembeni mwa karatasi yake. Bosi wetu, mtu mwenye adabu nyingi mbele za wageni, alikuwa akiangalia dirishani. Na karibu naye aliketi afisa wa mipango, kijana aliyeletwa kutoka Nairobi, ambaye alijua kuivuta sauti na kuiachilia kama mtu anayecheza na kamba.

Kuna Jumatatu moja sitaisahau. Nilisema, "Watu wa vijiji vya chini ya Bura wanaomba bomba lipitie upande wa shule. Upande wa pili korongo hubomoka mvua ikinyesha, bomba litachukuliwa na maji."

Tukaendelea na mambo mengine. Baada ya muda yule kijana akaegemea meza na kuanza kuongea polepole sana, kwa sauti ya chini, hata mhasibu akaacha maua yake.

"Jamani, tujiulize. Mvua itakapokuja kule Bura, lile korongo... litatuachia bomba?" Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akapiga meza kwa kiganja. "Lipite upande wa shule!"

"Hiyo sasa ndiyo fikra," bosi akasema, na ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kuwa ni fikra ya kijana.

Nilinyoosha mkono niseme kwamba nilishasema. Nikasema. Sidhani kama kuna aliyenisikia mara ya pili pia.

Wiki hiyo hiyo bosi aliniita ofisini mwake. Alinikaribisha kiti, akaniulizia watoto, akaniambia kazi yangu ni nzuri.

"Lakini dada, ukiongea, mtu anahisi kama anasomewa maagizo ya dawa. Wafadhili wanakuja kututembelea mwaka huu. Nataka wewe ndiye uzungumze nao. Wewe ni mwanamke, na wewe ni mtu wa huku. Lakini ukizungumza hivyo hivyo, tumekwisha."

"Unataka nizungumze vipi?"

"Changamka. Tazama wenzako."

Nilijua anamaanisha nani.

Nilitafuta mafunzo kwenye simu, nikaona watu wenye meno meupe wakiniambia nitabasamu. Nikatabasamu mbele ya kioo na kusema habari za mabomba, nikajionea haya mwenyewe. Aliyenisaidia alikuwa jirani yangu.

Nyumba niliyopanga ilipakana na ya bibi mmoja Mwislamu, ambaye familia yake ilitoka Mombasa zamani ikafungua duka Voi. Alikuwa amefundisha watoto madrasa mpaka miguu ilipomshinda. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini akimwita paka wake, mtaa mzima ulijua kama yuko radhi au amekasirika. Jioni moja nilikaa naye barazani kwake nikamweleza yaliyonipata kazini. Alinisikiliza hadi mwisho, na hakupiga mwayo.

"Sauti yako haina kasoro, mwanangu," akasema. "Ila waitoa yote kwa mpigo mmoja, kama amwagaye ndoo. Hebu niambie, maji hakuna."

"Maji hakuna."

"Sasa niambie kana kwamba ni mimi niliyeyamaliza."

Nikajaribu. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Haya. Sasa niambie kana kwamba mwanao ana kiu, nawe huna la kumpa."

Hapo nilishindwa. Nilitazama sakafu kwa muda, nikimfikiria mwanangu wa mwisho, ndipo nikasema, "Maji hakuna," na sauti ikakatika mwishoni bila mimi kutaka.

Safari hii Bibi hakucheka. "Umeona? Ulinyamaza kwanza. Kule kunyamaza ndiko kulikokufanyia kazi."

Tuliendelea hivyo kwa miezi. Nikitoka ofisini naenda barazani kwake na mkate au ndizi, naye ananifundisha kama alivyowafundisha watoto kusoma: pa kuvuta pumzi, pa kusimama, neno la kurefusha, neno la kuacha lipite. Alikuwa mkali. Nikiumeza mwisho wa sentensi, ambao ndio ulikuwa ugonjwa wangu mkubwa, aligonga sakafu kwa bakora yake. "Wamwachia nani hilo neno? Lilete!" Aliniambia nikitaka watu wanisogelee nishushe sauti, nisipandishe. Aliniambia jambo zito lipunguziwe mwendo, na jepesi liende mbio. Nilipokuwa nikipika nilizisimulia sufuria. Watoto wangu waliniiga nyuma ya mlango wakicheka, nami nilicheka pia, kwa sababu nilikuwa nafurahi. Sijui kwa nini nione haya kuliandika hilo. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nasikia ninachosema.

Wafadhili walipokuja, tulikutana nao katika ukumbi wa hoteli moja pale Voi. Kijana alitangulia na slaidi zake, kisha nikasimama mimi. Sikuwa na karatasi. Niliwaeleza juu ya mama yangu mkubwa, dada wa mama, anayeishi chini ya Bura. Niliwaeleza anavyoteremka korongoni na mtungi wake, na anavyongoja maji yajikusanye kwenye mchanga. Hapo nikanyamaza. Niliacha kimya kikae hadi nikasikia feni. Kisha nikasema, taratibu, "Akirudi nyumbani, anaanza kufikiria safari ya kesho." Mgeni mmoja aliweka kalamu chini. Mwingine alivua miwani.

Walipiga makofi. Bosi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kijana alinikumbatia. "Mathe, umeweza!" akasema, na naamini alikuwa anasema kweli. Bibi nilipomhadithia jioni alinifanya nirudie pale pa kimya, akafumba macho kusikiliza.

Nilidhani sasa watanisikiliza Jumatatu.

Kilichotokea ni kwamba Jumatatu sikuhitajika tena. Bosi alitangaza kwamba mimi sasa ni sauti ya shirika. Nitapokea wageni, nitazungumza kwenye mikutano ya hadhara, nitafungua na kufunga warsha. Kwenda vijijini kukaa na watu na kuuliza wanachotaka kulipewa kijana, ambaye hajui neno moja la Kidawida, lugha yetu, na hukaa kwenye gari ikinyesha. Meza yangu ilisogezwa karibu na mlango, ili mgeni akiingia anikute.

Nilipoomba kuona mchoro wa bomba la chini ya Bura, kijana alinijibu kwa upole, "Wewe usijisumbue na michoro. Andaa hotuba."

"Hotuba ya nini, kama sijui mnachojenga?"

"Tutakupa mambo ya kusema."

Na kweli walikuwa wakinipa. Nilipewa mambo ya kusema, nikayapandisha na kuyashusha. Nilikuwa hodari. Watu wa mashirika mengine walianza kuniulizia nije niwaendeshee mikutano, na bosi alijivunia hilo kama mtu mwenye gari zuri ambalo wengine huja kuliazima.

Mwaka ukaisha bomba halijaanza. Mama mkubwa alinipigia simu kuuliza, nami nikauliza ofisini. Bosi aliniita, na kijana alikuwa amekaa humo ndani.

"Afadhali uende wewe mwenyewe ukawaeleze," bosi akasema. "Vifaa vimechelewa. Waambie wavumilie, mwaka huu kazi inaanza."

"Kweli vifaa vimechelewa?"

"Vimechelewa."

Nilimgeukia kijana. Alikuwa akisoma kitu kwenye simu yake.

Mkutano ulikuwa uwanjani pa kanisa. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa, na wengine wamekaa kwenye majani. Mama mkubwa alikuwa mstari wa mbele, amejifunga leso yake ya Jumapili, kwa sababu mtoto wa mdogo wake ndiye angezungumza. Niliwasalimu kwa Kidawida. Nilianza kwa sauti ya chini, wakasogea. Niliwaambia najua walivyongoja. Nilitaja korongo, nilitaja mchanga, nikanyamaza panapostahili. Kina mama wakatikisa vichwa. Nilipofika kwenye kuchelewa kwa vifaa nilipunguza mwendo, na nilipofika kwenye ahadi nilipandisha, hata kwenye majani nyuma kuna mtu aliyesema amina. Nilikuwa nayaamini yote.

Ndipo akasimama mtu mmoja, dereva wa lori la mchanga. Hakuwa na hasira. Alikuwa na kofia mkononi.

"Mama, mimi nina swali dogo. Tangi lenu nimeliona Miasenyi. Mchanga wake nimepeleka mimi. Mafundi waliniambia ndilo lililokuwa lije huku. Je, hilo ni lingine?"

Nilitazama upande wa gari letu, kana kwamba dereva wetu atashuka anijibie. Watu wote walikuwa wananingoja, na kile kimya hakikuwa cha kupangwa.

"Sikujua," nikasema.

Nililisema kama ninavyosema kwetu, bila kupanda wala kushuka. Lilikuwa neno la kweli kuliko yote niliyosema asubuhi ile. Mama mmoja aliyekaa upande wa kushoto, ambaye niliwahi kula kwake, akamwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeeleza hali ya hewa, "Hata hiyo 'sikujua' amefundishwa."

Wakacheka. Hawakuwa wengi, na hawakucheka kwa muda mrefu. Lakini mimi nimepigiwa miayo shuleni na nimepuuzwa ofisini, na hakuna kilichoniingia kama kile kicheko.

"Jamani, nawaambia kweli, sikujua," nikasema tena, na safari hii sauti ilitetemeka, na nilijua inavyosikika. Inasikika vizuri. Inasikika kama ile ya hotelini.

Watu walianza kuinuka. Wengine walibeba viti vyao kuvirudisha kanisani. Mama mkubwa alibaki amekaa hadi nilipomfikia. Alizungumza nami kwa Kidawida, kwa utaratibu.

"Mwana wa mdogo wangu, ulipokuwa ukija hapa na kuongea kama mtu aliyechoka, nilikuwa najua unachosema. Leo umeongea vizuri sana. Na mimi sijui umesema nini."

"Mama mkubwa, wamenidanganya na mimi."

"Huenda," akasema. Akaifunga leso yake vizuri, akaondoka na wenzake. Hakuniambia nipite kwake ninywe chai.

Tulipofika Voi nilimwambia dereva asiingie mjini, aendelee na barabara ya Mombasa. Hakuuliza kwa nini, na kwa namna alivyokaza macho mbele nilijua kwamba na yeye alikuwa anajua. Tangi la Miasenyi lilikuwa limesimama karibu na barabara kuu, jipya, na bango la shirika limeelekezwa kwenye magari ili abiria wa mabasi walisome wakipita. Wanawake wanaouza vitunguu na matunda kando ya barabara waliliona gari letu wakaja kutusalimu. Mmoja alinishika mkono, akanishukuru kwa maji. Alisema walikuwa wameteseka sana. Nilimwamini, kwa sababu pale pia ni pakavu, na hakuna aliyekuwa amemwambia tangi lile lilikuwa la nani. Nilimwambia, "Karibu." Ningemwambia nini kingine?

Kesho yake niliingia kwa bosi bila kubisha.

"Ulijua."

Hakujifanya hanielewi. Kwa hilo nampa haki yake. "Wafadhili walitaka mahali panapoonekana," akasema. "Kule chini ya Bura nani atapaona? Wakipita na magari yao kwenda pwani watauona mradi wao. Tukipata awamu nyingine, tutawafikia wale wenu."

"Kwa nini hukuniambia? Ningewaeleza hivyo hivyo."

"Ningekuambia, ungeweza kuzungumza vile ulivyozungumza?" Alikuwa anatabasamu kidogo, kama anayenisifu. "Nimepigiwa simu. Wanasema kabla ya yule mtu wa lori walikuwa wote mkononi mwako."

Nilikuwa nimejifunza pa kusimama, pa kushusha, pa kunyamaza. Pale ofisini mwake sikuweza kutumia hata kimoja. Nilisema tu, kwa sauti niliyozaliwa nayo, kwamba ile ni dhuluma. Simu yake ikalia akaipokea.

Jioni nilimweleza Bibi. Nilitaka anihurumie, na labda nilitaka pia kumlaumu. Alikuwa amelala kwenye kochi, miguu imevimba. Aliniuliza jambo moja.

"Kabla ya yule mtu kusimama, walikuwa wakikusikiliza?"

"Walikuwa wananisikiliza."

"Basi mimi kazi yangu niliifanya," akasema, akageukia ukutani. Nilikaa kidogo nikaondoka. Haukupita muda mrefu mwanawe akaja kumchukua kumpeleka Mombasa kwa matibabu, na nyumba yake ikapangishwa mtu mwingine. Hatukuzungumza tena juu ya jambo lile.

Kijana alipandishwa cheo akarudi Nairobi. Mimi niko pale pale. Nina watoto wanaosoma, na katika mji wetu mtu haachi kazi kwa sababu ya kuchekwa. Bado napokea wageni karibu na mlango. Niliomba nirudishwe kwenye kazi ya vijijini, nikaambiwa sauti kama yangu ni hasara kuificha huko.

Nimejaribu kurudi nilivyokuwa, angalau nyumbani. Haiwezekani. Nikizungumza na mama kwenye simu najisikia nikinyamaza kabla ya habari mbaya, nikiacha neno lilale mahali pake. Siku moja mama aliniuliza kama niko na watu. Nilikuwa jikoni peke yangu.

Awamu nyingine ilipatikana, tukajenga choo na tangi kwenye shule moja iliyo karibu na lami. Chini ya Bura hakuna bomba hadi leo. Mara ya mwisho nilimtembelea mama mkubwa bila gari la ofisi, kwa boda boda, nimebeba sukari na majani ya chai. Nilimkuta na majirani wawili. Walinipisha kiti kizuri, kile chenye kitambaa cha kufuma, wakanimiminia chai. Niliwauliza habari za maji. Wakatazamana, kisha mama mkubwa akaniambia wanamshukuru Mungu, hali si mbaya.

Hilo ndilo jibu wanalowapa wageni.